Mbavu za Ng'ombe kwa Makaa ya Mathenge, Jikoni Garissa

Ng'ombe anayeuzwa Garissa ni mtembezi. Hata kama aliletwa sokoni kwa lori, maisha yake yote yamekuwa ya kufuata malisho na maji, upande wa Wajir, wa Ijara, au ng'ambo ya mpaka wa Somalia. Nyama yake ina ladha ambayo ng'ombe wa zizini hana, lakini misuli imekaza na mafuta ni haba. Mbavu zake ukizitandaza juu ya moto mkali kama unavyochoma mbuzi, utatafuna hadi taya zichoke. Zinataka jiko lenye mfuniko, moto uliosogezwa upande mmoja, na subira ya mchana mzima. Maelezo haya ni ya watu sita, kilo tatu za mbavu, na chakula cha baada ya Magharibi.

Jiko kwanza

Jiko la duara lenye mfuniko wa kuba lilibuniwa mwaka 1952 karibu na Chicago. George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha vyuma cha Weber Brothers, alichoshwa na upepo uliokuwa ukimharibia nyama, akachukua boya la chuma la kuelea majini na kulikata nusu mbili. Majiko ya aina hiyo yanauzwa Nairobi kwa bei ya kumtoa mtu jasho. Huna haja nayo. Mpe fundi wa jua kali pipa la lita 200, alikate kwa urefu, afunge bawaba, aweke wavu, kisha atoboe tundu chini upande mmoja na tundu juu upande wa pili. Kila tundu liwe na kibati cha kulifungua na kulifunga, maana hicho ndicho usukani wako. Pipa lililowahi kubeba dawa ya wadudu au kemikali likatae hata ukipewa bure. Lililobeba mafuta ya kupikia linafaa, ila liwashie moto mkubwa mara moja bila nyama ndani, rangi na mabaki yaungue yote.

Buchani

Nenda mapema, na utazame muhuri wa mkaguzi kwenye nyama kabla ya kutazama bei. Watu wa hapa hawajasahau mwisho wa 2006, Homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka Garissa baada ya mafuriko na kuua watu na mifugo hadi masoko yakafungwa. Nyama isiyokaguliwa haina urahisi wowote.

Tatizo la pili ni panga. Muuza nyama amezoea kuzikatakata mbavu vipande vya kutia sufuriani, na kila pigo linaacha vigae vya mfupa ndani ya nyama. Mwahi kabla hajainua mkono: "Adeer, usikate. Niachie bapa zima, mbavu nne pamoja, na kama una msumeno nipunguzie ncha tu." Atakutazama kwa mshangao, kisha atakupa. Chagua mbavu za mbele, karibu na kidari, ambako nyama juu ya mfupa ina unene wa vidole vitatu. Zile za nyuma ni mfupa na ngozi. Ukiona kipande cha mafuta ya nundu ya ngamia, chukua robo kilo, utakuja kukihitaji.

Nyama iliyochinjwa alfajiri ya leo usiipike leo. Misuli bado imekakamaa. Ilaze kwenye friji usiku mmoja au miwili, bila kuifunika kabisa, ikauke juu.

Usiku wa kuamkia siku ya kupika

Geuza bapa, upande wa mifupa uwe juu. Utaona utando mweupe unaong'aa kama nailoni. Pitisha ncha ya kijiko chini yake kwenye mfupa wa mwisho, inua kidogo, ushike kwa kitambaa kikavu na uvute taratibu. Ukikatika, anza tena kutoka ubavu unaofuata. Utando huo haulainiki hata ukipika hadi kesho, na unazuia chumvi na moshi kuingia.

Paka chumvi, kijiko kimoja cha mezani kwa kila kilo, kisha xawaash: bizari nyembamba, giligilani na pilipili manga kwa wingi, iliki na mdalasini kidogo, manjano ya kutia rangi. Kaanga viungo vikavu kwanza, uvitwange mwenyewe. Ndimu isubiri mezani. Nyama ikilala nayo usiku kucha, inakuwa kama unga juu na ngumu ndani. Sukari pia sitii. Wamarekani wanaipenda kwenye mbavu, lakini kwa moto wa saa nyingi inaungua na kuwa chungu, na hapa tuna ndizi za kutuletea utamu.

Makaa

Hapa Garissa ina bahati ambayo wengi wanaihesabu kuwa balaa. Mti wa mathenge uliletwa Kenya miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa, ukaziba njia za mifugo na kingo za Tana, na mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa mmea haribifu. Miiba yake inatoboa gurudumu la gari, sembuse ndara. Lakini mti huo ni wa ukoo mmoja na mesquite, ambao watu wa Texas wanauthamini kwa kuchomea nyama ya ng'ombe. Makaa yake ni mazito, yanashika moto muda mrefu, na kila gunia la mathenge ni migunga kadhaa iliyobaki imesimama ikitupa kivuli. Mimi huuliza muuzaji makaa ni ya mti gani, na akijibu mgunga naenda kwa jirani yake.

Saa nane na nusu mchana washa kilo mbili. Chukua mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia uliotobolewa chini na pembeni, jaza makaa, weka karatasi zilizokunjwa chini yake na uwashe. Mafuta ya taa na mifuko ya plastiki usivitumie, harufu yake itakaa kwenye nyama hadi mwisho. Makaa yakishapata jivu jeupe juu, yamwage upande mmoja wa jiko, upande wenye tundu la chini. Upande wa pili weka karai la maji. Jiko liwe nje, mahali penye hewa. Gesi ya makaa ndani ya nyumba inaua bila harufu.

Saa tisa: nyama inaingia

Laza mbavu juu ya karai, mifupa chini, mbali na makaa. Tupa juu ya moto kijiti kimoja kikavu cha mathenge, unene wa kidole gumba, bila gamba. Kimoja tu, maana moshi wake ni mkali na ukizidi nyama inawasha ulimi. Funika, tundu la juu likae upande wa nyama ili moshi upite juu yake kabla ya kutoka.

Moto unaoutaka ni nyuzi 130 hadi 150. Kipimajoto ni msaada mkubwa, lakini sikio linatosha: mafuta yanayodondokea karai yatoe mlio wa hapa na pale. Yakichachatika mfululizo, funga tundu la chini nusu. Ukimya ukizidi, lifungue na uongeze makaa sita au saba yaliyokwisha kuwaka. Alasiri upepo wa Garissa huamka na vumbi lake, na tundu likitazamana nao makaa yatachachamaa; geuza jiko liupe upepo mgongo.

Kisha acha. Kila anayepita atataka kufunua aone. Mkatalie hata kama ni mjomba. Kila ukifunua, joto lote linatoka, na jiko linachukua robo saa kulirudisha.

Saa kumi na moja: kuzifunga

Kufikia hapa nyama ina rangi ya hudhurungi iliyokolea na juu imekauka. Ng'ombe aliyenona angeendelea hivyo hadi mwisho. Wetu atakauka. Tandaza foili mara mbili, weka vipande vyembamba vya mafuta ya nundu juu ya nyama, mimina nusu kikombe cha supu, ufunge pasipo mwanya. Ukiwa huna foili, sufuria yenye mfuniko unaobana inafanya kazi hiyohiyo. Rudisha jikoni kwa saa moja na nusu.

Zimeiva pale mifupa inapochungulia kiasi cha vidole viwili na kijiti cha mshikaki kinapozama kwenye nyama bila kusukumwa. Ukiwa na kipimajoto, katikati isome nyuzi 93 hivi. Nyuzi 75 nyama imeshaiva kwa kuliwa, lakini kano hazijayeyuka. Zitoe kabla ya adhana, bado zimefungwa, zizungushie taulo. Muda wa kuswali Magharibi unatosha nyama itulie.

Vya pembeni

Makaa yaliyobaki sasa ni yako. Yasambaze, ongeza konzi mbili, acha mfuniko wazi.

Wali upikwe kando kwenye jiko la kawaida. Maji yakikaribia kukauka, mimina mafuta na supu iliyotoka ndani ya foili, funika sufuria na uupalie makaa machache juu ya mfuniko. Punje zitaachana zenyewe.

Nyanya nne, pilipili mbichi tano na kitunguu kimoja kizima vichome hadi ngozi ziwe nyeusi. Twanga pamoja na kitunguu saumu, chumvi, majani ya dania na ndimu mbili. Hiyo ndiyo basbaas, na ndiyo itakayokata mafuta ya mbavu. Mahindi mabichi yachome bila kuyapaka kitu. Ndizi mbivu za mashamba ya kando ya Tana zichome na maganda yake hadi zipasuke, kisha ziliwe ndani ya wali, si baada yake. Mgeni kutoka bara akishangaa, mwache. Sahani ya pili ataomba mwenyewe.

Mwishoni zitoe mbavu kwenye foili, uziweke juu ya moto dakika mbili kila upande zipate ukoko, ukate kati ya mfupa na mfupa. Sinia moja, wali chini, mbavu juu, maji ya kunawa yazungushwe kuanzia kwa wazee.

Zikibaki, usizirudishe kwenye moto kesho yake. Chambua nyama, ikate vipande vidogo kama njugu, ukaange kwenye samli kwa moto mdogo hadi maji yote yaishe, kwa namna ya nyirinyiri. Iweke kwenye chupa, samli ifunike nyama, na uipakue asubuhi juu ya anjera. Mifupa itie sufuriani na tangawizi, ichemke ikiwa makaa bado yana uhai, kisha ziba matundu yote mawili ili yaliyosalia yazimike na yatumike tena.