Kutenganisha nyota pacha ukiwa Kisii au Nyamira

Kati ya nyota tatu za mkanda wa Jabari, ile inayochomoza mwisho huitwa Alnitak. Kwa macho ni moja. Darubini nzuri huonyesha kuwa ina mwenzake, hafifu zaidi, aliye umbali wa sekunde 2.3 hivi za pembe. Digrii moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo pengo hilo ni kama upana wa sarafu ya shilingi kumi ukiitazama kutoka kilomita mbili.

Wengi wakishindwa kuliona huongeza ukuzaji. Boksi la darubini limewaahidi mara 525, basi wanaitafuta hiyo 525, na wanachopata ni ukungu mkubwa badala ya ukungu mdogo. Kinachotenganisha nyota ni kipenyo cha lenzi au kioo. Mwingereza William Dawes, katika karne ya 19, alipata kanuni ambayo bado inatumika: gawanya 116 kwa kipenyo kwa milimita. Lenzi ya milimita 70 inafikia sekunde 1.7, kioo cha 114 kinafikia 1. Hapo nyota ziwe zinalingana mwanga na hewa iwe imetulia. Ukuzaji wa mara 140 unaitosha lenzi ya 70.

Hewa ndiyo shida kubwa kwetu. Bati lililopigwa na jua mchana kutwa hutoa joto hadi usiku, na sakafu ya saruji vilevile. Ukitazama juu ya paa la jirani, nyota inachemka kama uji. Simama kwenye nyasi, mbali na moshi wa jikoni. Mabondeni Nyamira hewa baridi hushuka na kujikusanya pamoja na ukungu, kwa hiyo katikati ya mteremko ni bora. Na usidharau usiku wenye utando mwembamba angani: mara nyingi hewa yake imetulia kuliko ile ya usiku ambao nyota zinametameta kila upande.

Itoe darubini nje saa nzima kabla ya kuitumia, ipoe. Umande wa huku ni mwingi, basi zungushia mdomo wake bomba la kadibodi lenye urefu wa mara moja na nusu ya kipenyo. Lenzi ikilowa usiipanguse kwa leso, iache ikauke. Kama darubini ni ya kioo, vuruga fokasi ya nyota kidogo makusudi: pete zake zikae kama za kitunguu kilichokatwa, zenye kitovu kimoja. Zikiegemea upande, kaza na kulegeza skrubu za kioo mpaka zilingane. Kazi hii inachosha, lakini bila yake mengine yote ni bure.

Kwa nyota zisizolingana mwanga, kama Alnitak, pete za ile kubwa ndizo humeza ile ndogo. Dawa yake inauzwa kwa fundi wa madirisha: wavu wa mbu. Kata vipande vitatu, toboa katikati matundu ya duara yenye asilimia 90, 78 na 55 ya kipenyo, vipange kila kimoja kikiwa kimezungushwa kidogo, kisha vifunike mdomo wa darubini. Pete zitafifia.

Tunaishi karibu na ikweta, na hiyo ni bahati. Msalaba wa Kusini haupandi kwetu zaidi ya theluthi moja hivi ya njia ya kufika utosini, na mwanga wake hupita kwenye hewa nene. Lakini mkanda wa Jabari hupita juu kabisa ya kichwa, mwishoni mwa Januari kati ya saa tatu na saa nne usiku, wakati mvua zimepungua.

Anayeanza aanze na nyota pacha iitwayo Porrima, ambayo nayo hupita utosini, mwezi Juni giza likishaingia. Nyota zake mbili zinalingana mwanga. Mwaka 2005 zilibanana kiasi cha kuzishinda darubini nyingi za nyumbani. Sasa zimeachana zaidi ya sekunde 3, na lenzi ya milimita 70 inatosha.