FUNDISHO: KUPIGA PAMOJA BILA MKUBWA. ORKESTRA CAN YA UJERUMANI



Mara mingi tunasikia watu wakisema ya kwamba muziki wa rok ni kelele tu, na ya kwamba wenye kupiga bila kutayarisha wimbo ni wavivu. Je, iko kweli? Leo tuangalie orkestra moja ya Ujerumani, jina lake Can, ginsi ilivyopiga mbele ya watu. Hatusemi ya kwamba kila kitu chao ni cha kufuata. Tunatafuta jambo moja: watu wanaweza kupiga pamoja namna gani, bila mkubwa na bila karatasi, na isiwe fujo?

1. Walikuwa nani?

Can ilianza mwaka 1968 katika mji wa Köln. Irmin Schmidt alipiga piano na ogani, Holger Czukay gitari ya besi, Michael Karoli gitari, na Jaki Liebezeit ngoma. Mwimbaji wa kwanza alikuwa Malcolm Mooney, Mwamerika mweusi. Schmidt na Czukay walikuwa wamesoma kwa Karlheinz Stockhausen, mwalimu mkubwa wa muziki mpya. Liebezeit alitoka katika jazi. Basi hawakuwa watu wasiojua kitu. Walijifunza kanuni kwanza, kisha wakaziweka kando kwa mapenzi yao.

2. Ginsi walivyopiga

Kwa desturi, orkestra inapanda jukwaani na orodha ya nyimbo, na watu wanataka kusikia sawasawa na kwenye sahani ya muziki. Can haikufanya hivyo. Mumoja alianza kidogo, mwenzake akasikia, akajibu. Wimbo unaojulikana ulionekana katikati, kisha ukapotea tena. Vipande vingine vilipita nusu saa.

Mwaka 1970, Mooney alipokwisha kurudi Marekani, walikuwa na konseri mjini München bila mwimbaji. Czukay alisimulia ya kwamba yeye na Liebezeit walikaa nje ya kahawa moja, wakaona kijana Mujapani akiimba njiani. Czukay akamuuliza kama anaweza kuimba nao jioni ileile. Hakuna mazoezi, hakuna kitu. Kijana akakubali. Ndiye Damo Suzuki. Usiku ule alianza polepole, kisha akalia kwa nguvu, na watu wengi wakakasirika, wakatoka. Lakini orkestra ikamchukua, naye akakaa nao mpaka mwaka 1973.

3. Fujo au kanuni?

Hapa ndipo fundisho lenyewe. Liebezeit alikuwa amepiga jazi ya kujiachia, pasipo mwendo wa sawa. Kisha mtu mumoja akamwambia apige kitu kilekile, arudie tu. Akasikia shauri lile. Toka siku ile ngoma yake ilirudia mwendo moja kwa muda mrefu, sawasawa na nguzo ya nyumba. Wengine waliweza kwenda mbali, sababu nguzo haikutikisika. Uhuru wa wengine ulisimama juu ya uvumilivu wa mumoja.

Tena, hawakuwa na mkubwa. Nyimbo ziliandikwa kwa jina la wote. Tusisahau ya kwamba nchi yao, toka 1933 mpaka 1945, ilifuata mkubwa mumoja mpaka maangamizi. Vijana waliokua nyuma ya vita walikuwa na sababu ya kuogopa neno lile.

Lakini kupiga hivyo hakukuwa dawa ya kila siku. Kulikuwa na usiku wa uzuri na usiku wa kushindwa. Mwaka 1977 Rosko Gee wa Jamaika alichukua besi, Rebop Kwaku Baah wa Ghana akaleta ngoma za mikono, naye Czukay akaanza kutia sauti za radio jukwaani. Haikukaa. Czukay akatoka, na mwaka 1979 orkestra ikakwisha. Kusikilizana kukipunguka, hata wajuzi wanatengana.

Kaseti za konseri zao zilitunzwa, na toka mwaka 2021 zimeanza kutolewa, ya kwanza ile ya Stuttgart 1975. Suzuki alizunguka nchi mingi akiimba na wapigaji wa kila mji bila mazoezi, hata alipokuwa na ugonjwa wa kansa. Alikufa mwaka 2024.

4. Sisi tuchukue nini?

Tusome 1 Wakorinto 14:26-33. Paulo anajua ya kwamba kila mutu anakuja na kitu chake. Hamukatazi. Anaomba tu ya kwamba mwingine akipata neno, wa kwanza anyamaze. Korale zetu mara mingi zinaharibika hapo: si kwa kukosa sauti, lakini kwa kukosa kunyamaza. Kila gitari inapanda, kila mwimbaji anataka mikro, na hakuna mwenye kukubali kuwa nguzo.

Maulizo ya kufikiri:
a) Katika korale au klasi yetu, nani anafanya kazi ya Liebezeit? Tunamushukuru?
b) Mugeni akikosa siku ya kwanza, tunamuchukua ao tunamufukuza?
c) Tunaweza kuacha kanuni tusiyojifunza?

Tuyajibu pamoja, kila mutu kwa zamu yake.