Meko na rafu za sebuleni

SWALI: Tumenunua nyumba ya zamani Limuru. Sebule ni ndogo, ina meko ya mawe yaliyopakwa rangi nyeusi na rafu nzito za mbao kila upande. Mume wangu anataka tubomoe vyote. Wasemaje?

JIBU: Msibomoe, baridi ya Julai itawafanya mjute. Kwanza jaribuni dohani: washeni gazeti ndani ya meko. Moshi ukirudi sebuleni, mwiteni fundi azibue. Mara nyingi ni masizi au kiota cha ndege.

Kinachobana chumba ni rafu. Pimeni kina chake. Zikifika sentimita 40, fundi azikate zibaki 25. Kitabu cha kawaida hakihitaji zaidi. Kisha zipakeni rangi ileile ya ukuta, zitaonekana kama zimerudi nyuma. Mbao zozote zikae angalau sentimita 30 kutoka mdomo wa meko.

Rangi nyeusi ikwanguliwe, mawe yaonekane. Msipake rangi ya kawaida ya mafuta karibu na moto. Huvimba na kunuka.

Na televisheni? Isiwekwe juu ya meko, tafadhali. Shingo zenu!