Throto ya Umeme: Kuitambua Hitilafu Kabla ya Kununua Spea

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mlaji anayemiliki gari la petroli lililotengenezwa miaka ya 2000 na kuendelea, hususani yule anayeishi au kufanya shughuli zake katika Jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru. Mwisho wa somo, msomaji anatarajiwa kueleza kazi ya throto ya umeme, kutambua dalili za hitilafu yake, kumsimamia fundi katika uchunguzi unaoeleweka, na kudai haki yake endapo atatozwa fedha kwa kazi isiyostahili.

Umuhimu wa somo ni huu: throto nzima ni miongoni mwa spea zenye bei kubwa katika gari dogo, ilhali mara nyingi kinachohitajika ni kusafisha, kukaza waya au kubadilisha betri iliyochoka. Anayenunua spea kwa kubahatisha hulipa mara mbili, na ugonjwa hubaki palepale.

1. Throto ni nini?

Injini ya petroli huvuta hewa na kuichanganya na mafuta. Hewa hiyo hupita kwenye bomba lenye kisahani cha duara kinachofunguka na kufunga. Kisahani hicho pamoja na nyumba yake ndicho kinachoitwa throto. Katika magari ya zamani, pedali ya mafuta iliunganishwa na kisahani kwa kebo ya chuma. Dereva alipokanyaga, kebo ilivuta na kisahani kikafunguka.

Katika gari la kisasa kebo hiyo haipo. Kwenye pedali kuna sensa mbili zinazopima kiasi ambacho dereva amekanyaga na kupeleka taarifa kwa kompyuta ya injini, ambayo mafundi wetu huiita kontroboksi. Kontroboksi huiamuru mota ndogo ya umeme kufungua kisahani, kisha sensa nyingine mbili zilizomo ndani ya throto huirudishia habari kwamba kisahani kimefika pale kilipoagizwa.

Sensa huwekwa mbili kwa sababu ileile inayowafanya watu watafute mashahidi wawili. Iwapo taarifa zao zinapingana, kontroboksi haichagui wa kumwamini, bali hukata nguvu ya mota. Springi huirudisha throto kwenye uwazi mdogo, taa ya injini huwaka kwenye dashibodi, na gari hutembea polepole hata pedali ikikanyagwa hadi mwisho. Hali hiyo ni kinga iliyowekwa makusudi ili dereva afike mahali salama bila gari kumshinda nguvu.

2. Dalili za kuzingatia

Dalili za kawaida ni hizi: sailensa kupanda na kushuka bila mpangilio, gari kuzimika linaposimama kwenye foleni, kuchelewa kuitikia pedali inapokanyagwa, kukosa nguvu ghafla na kuirejesha baada ya kuzimwa na kuwashwa tena, na taa ya injini kuwaka.

Dalili hizi hazithibitishi peke yake kwamba throto imekufa. Plagi iliyochakaa, koili mbovu, pampu ya mafuta iliyolegea au bomba la hewa lililopasuka huweza kuleta dalili zinazofanana. Ndiyo maana uchunguzi hutangulia ununuzi.

3. Mazingira ya Arusha na Meru

Jambo la kwanza ni mwinuko. Jiji la Arusha liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na Dar es Salaam. Kwa hiyo injini isiyo na taboyo hupata hewa kidogo zaidi, na dereva hulazimika kukanyaga zaidi ili kupata nguvu ileile. Mtu aliyenunua gari Dar es Salaam na kulipandisha Arusha anaweza kudhani kwamba throto ni mbovu. Ikiwa upungufu wa nguvu ni mdogo, hauji na kuondoka, na hakuna taa iliyowaka, huenda hakuna hitilafu yoyote. Kupanda kuelekea Ilboru au Momella huongeza hisia hiyo.

Jambo la pili ni vumbi. Udongo unaouzunguka Mlima Meru umetokana na majivu ya volkano, na wakati wa kiangazi vumbi lake laini huenea kwenye barabara za Oldonyo Sambu, Ngarenanyuki na nyinginezo zisizo na lami. Chujio la hewa lililotoboka au lisilokaa sawasawa hupitisha vumbi hilo, nalo huchanganyika na mvuke wa oili na kuwa utando mweusi kwenye ukingo wa kisahani. Mlaji ajihadhari na desturi ya kupuliza chujio la karatasi kwa upepo mkali wa kompresa: tundu lisiloonekana kwa macho hutosha kupitisha vumbi.

Jambo la tatu ni maji. Kuosha injini kwa mashine ya maji ya nguvu huingiza maji kwenye soketi za sensa. Pini hushika kutu, na siku chache baadaye gari huanza kukosa nguvu. Mwenye gari asipomweleza fundi kwamba injini ilioshwa karibuni, fundi hukosa habari ya thamani.

Jambo la nne ni panya. Gari linalolala karibu na ghala la mahindi au banda la mifugo ni makazi mazuri kwao, na nyaya nyembamba za sensa hazistahimili meno yao.

4. Mpangilio wa uchunguzi

Kanuni ni kuanza na kisichogharimu kitu na kumalizia na kinachogharimu zaidi.

Hatua ya kwanza: angalia sakafu ya dereva. Zulia lililosogea huweza kuzuia pedali isikanyagike au isirudi.

Hatua ya pili: pima betri kwa mita. Betri nzima iliyopumzika huonyesha takriban volti 12.6; injini ikiwa inaunguruma, chaji ya kawaida huwa kati ya volti 13.5 na 14.7, ingawa baadhi ya magari mapya huishusha kwa makusudi. Angalia pia vichwa vya betri na waya wa ethi. Umeme dhaifu huifanya kontroboksi ipokee taarifa za uongo kutoka kwa sensa zilizo nzima.

Hatua ya tatu: kagua chujio la hewa na bomba linaloelekea kwenye throto. Ufa baada ya kipimo cha hewa huingiza hewa isiyohesabiwa na kuvuruga sailensa.

Hatua ya nne: soma namba za hitilafu kwa mashine. Mwombe fundi akuonyeshe namba hizo nawe uziandike kabla hazijafutwa. P2135 humaanisha kwamba sensa mbili za throto hazikubaliani. P2138 humaanisha kwamba sensa za pedali ndizo zisizokubaliana; katika hali hiyo kununua throto ni kutibu mguu wakati kinachouma ni mkono. P2111 huonyesha throto iliyokwama ikiwa wazi, na P2112 iliyokwama ikiwa imefungwa. P0171 huonyesha kwamba hewa imezidi kulingana na mafuta, jambo ambalo mara nyingi hutokana na bomba linalovuja. Ieleweke kwamba baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayasomeki kwa vifaa vidogo vya bei nafuu. Mashine kukosa kusoma si uthibitisho kwamba kontroboksi imekufa.

Hatua ya tano: kagua soketi na nyaya za pedali na throto. Fundi azitikise taratibu huku akitazama takwimu kwenye mashine. Takwimu zikiruka waya unapoguswa, tatizo limepatikana.

Hatua ya sita: kanyaga pedali polepole hadi mwisho, ufunguo ukiwa umewashwa na injini imezimwa, na utazame takwimu za sensa. Zinapaswa kubadilika kwa ulaini bila kukatika. Baada ya hapo tu ndipo throto yenyewe inaweza kutuhumiwa.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa ndizi anayetumia gari dogo kwenda soko la Tengeru anaona gari likipoteza nguvu kila asubuhi ya mvua. Fundi wa kwanza, bila kupima, anamwambia anunue throto. Fundi wa pili anasoma P2138, anafuata nyaya za pedali na kukuta soketi yenye kutu. Anaisafisha, anaikausha na kuifunga vema. Namba hairudi tena. Angefuata ushauri wa kwanza, faida yake ya wiki kadhaa ingeishia dukani, na mvua inayofuata ingemrudisha gereji.

5. Kusafisha throto

Ikiwa kisahani kimeshika utando, kusafisha huweza kumaliza tatizo. Zima gari, toa ufunguo, na uondoe bomba la hewa. Tumia dawa iliyotengenezwa mahususi kwa throto, inyunyizie kwenye kitambaa laini na kufuta ukingo. Usimwage dawa ndani ya throto kwa wingi, kwani hupenya hadi kwenye mota na sensa. Usitumie msasa wala kisu. Baadhi ya throto zimepakwa utando maalumu kiwandani ambao haupaswi kukwanguliwa. Usiingize kidole wakati ufunguo umewashwa, kwa maana mota yaweza kufunga kisahani ghafla na kukujeruhi. Skrubu inayozuia kisahani ilipimwa kiwandani na haipaswi kuguswa.

Baada ya kusafisha, sailensa huweza kupanda kwa muda, kwa kuwa kontroboksi ilikwisha kuzoea ule uchafu na kufidia. Magari mengine hujifunza upya yenyewe. Mengine huhitaji utaratibu maalumu wa mtengenezaji unaofanywa kwa mashine. Mlaji aulize tangu mwanzo: je, bei ya kusafisha inajumuisha kazi hiyo? Wengi wameuziwa throto mpya kwa sababu tu hatua hii ilirukwa.

6. Usalama barabarani

Gari likipoteza nguvu kwenye barabara kuu ya Moshi au ya Namanga, washa taa za tahadhari, toka barabarani taratibu na uweke pembetatu za tahadhari. Usiendelee na safari ndefu kwa mwendo wa kutambaa miongoni mwa malori na mabasi.

Gari likiongeza mwendo bila kuamriwa, kanyaga breki kwa nguvu bila kuachia na uweke gia kwenye N. Usizime injini kabla ya gari kusimama, isipokuwa njia nyingine zote zimeshindikana, kwa kuwa usukani na breki huwa vizito injini ikizimika. Usitoe ufunguo gari likiwa katika mwendo. Usukani waweza kujifunga.

Historia ina funzo hapa. Mwaka 2009 na 2010 kampuni ya Toyota iliyaita mamilioni ya magari kwa marekebisho kutokana na malalamiko ya magari kuongeza mwendo yenyewe. Serikali ya Marekani iliwaomba wahandisi wa NASA wachunguze mifumo ya umeme, na taarifa iliyotolewa Februari 2011 ilisema kwamba hawakukuta hitilafu ya umeme iliyosababisha matukio hayo. Visababishi vilivyotajwa vilikuwa mazulia yaliyonasa pedali na pedali zilizokuwa nzito kurudi. Tangu hapo ushauri ni uleule: usitandike zulia juu ya zulia upande wa dereva.

7. Haki na wajibu wa mlaji

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji na maelezo ya uongo kuhusu bidhaa na huduma. Kuuza spea iliyotumika kwa jina la spea mpya ni upotoshaji. Spea bandia zinazobeba alama ya mtengenezaji zinaguswa pia na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani.

Ili malalamiko yawe na nguvu, mlaji atimize wajibu wake. Apate makadirio ya gharama kwa maandishi kabla kazi haijaanza. Adai risiti ya EFD. Aandike namba za hitilafu zilizosomwa kabla na baada ya kazi. Achukue spea ya zamani iliyotolewa kwenye gari lake. Akinunua spea ya mtumba, alinganishe namba iliyochapwa juu yake na ile ya zamani, na akubaliane kwa maandishi muda wa kuirudisha. Kazi ya umeme wa gari apewe fundi mwenye mafunzo yanayotambulika, kama vile cheti cha VETA.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini pedali na throto zina sensa mbili kila moja?
2. Fundi amesoma P2138 na kukushauri ununue throto. Utamuuliza nini?
3. Taja mambo matatu ya kukagua kabla ya kulipia kipimo cha mashine.
4. Sailensa imepanda baada ya throto kusafishwa. Je, throto imeharibika? Eleza.
5. Ni nyaraka zipi utakazozihifadhi ili malalamiko yako yasikilizwe?

Anayeweza kuyajibu maswali haya mbele ya fundi wake hatauziwa spea asiyoihitaji kwa urahisi, na fundi mwaminifu atafurahi kumhudumia.