Kikande, Mlinzi wa Matumbawe

Kwetu Nyangamara hakuna bahari. Samaki hutufikia kutoka Lindi. Likizo iliyopita mama alinunua kikande, nami nikanung'unika kwa sababu ya ngozi yake ngumu. Sikujua kuwa namdharau mlinzi.

Katika miamba ya matumbawe huishi nungu wa baharini, kiumbe wa mviringo mwenye miiba. Hula mwani kwa kuukwangua juu ya jiwe, na jiwe lenyewe likakwanguka pamoja nao. Nungu wakiwa wachache hawadhuru. Wakizidi, mwamba humomonyoka na samaki hukosa maskani. Lakini kikande ana meno yenye nguvu. Humvunja nungu akamla.

Huko Kenya wataalamu wamelinganisha miamba. Katika hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyowekwa mwaka 1968, uvuvi umekatazwa na nungu ni wachache. Mahali palipovuliwa kupita kiasi vikande wamepungua, na nungu wamejaa tele.

Basi wasomaji, sisemi tusile samaki. Nasema wavuvi wetu watenge sehemu ya mwamba isiyovuliwa, ili walinzi hawa wazaliane. Mama amekubali, baba, apendaye sana kikande wa kukaanga, bado anafikiri.