Mimea ya Mlima Wetu Kwenye Karatasi: Somo la Kusoma na Kuchora Picha za Miti Asilia

Ukipita Naro Moru au sehemu nyingine za Kieni utaona miti iliyopandwa kwa mstari kwenye mipaka ya mashamba. Mingi ni saiprasi. Hapa na pale umesimama mutarakwa, ule ambao wazee walijengea nyumba na kuchongea vigingi vya ua. Kwa mbali miti hii miwili hufanana: yote huwa ya kijani mwaka mzima na majani yake ni madogo kama magamba. Lakini saiprasi tunayoipanda ilitoka Mexico na Amerika ya Kati, na mutarakwa ni mti wa hapa. Mwananchi anayetaka kurudisha miti asilia kwenye shamba lake, kisha akauziwa mche usio wenyewe, huenda asijue hadi miaka mingi ipite. Pesa zimekwenda, jasho limekwenda, na mti aliotaka bado haupo.

Jambo hili lina uzito zaidi wakati huu. Mwishoni mwa 2022 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukuza miti bilioni 15 kufikia 2032, ili miti ifunike asilimia 30 ya ardhi ya nchi. Katiba nayo, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti wajibu wa kutekeleza sera za kitaifa kuhusu mazingira, zikiwemo za udongo, maji na misitu. Kazi hiyo huanza na swali moja rahisi: mti huu ni upi?

Somo la toleo hili linahusu chombo cha zamani cha kujibu swali hilo, nacho ni picha ya mmea iliyochorwa kwa mkono.

Picha ya mmea ni nini?

Kamera hunasa kilicho mbele yake kwa sekunde moja: tawi moja, mwanga mmoja, pengine jani lililoliwa na mdudu. Mchoraji wa mimea hukaa na mmea kwa saa nyingi na hata kuurudia msimu mwingine. Kwenye karatasi moja anaweza kuweka ua lililochanua mwezi huu, tunda lililoiva miezi kadhaa baadaye, mbegu iliyopasuliwa katikati na upande wa chini wa jani. Ni vigumu kuyaona hayo yote pamoja msituni kwa siku moja. Ndiyo sababu hata leo, wataalamu wanapotangaza spishi mpya, mara nyingi huambatisha mchoro wa mkono.

Waliochora kabla yetu

Katika karne ya 19, Marianne North, Mwingereza aliyezaliwa 1830, alizunguka dunia akichora mimea kwa rangi za mafuta. Hakuikata na kuiweka juu ya karatasi nyeupe. Aliichora mahali ilipoota, pamoja na mlima, mto na anga nyuma yake. Picha zake zaidi ya 800 ziko katika jumba lililofunguliwa 1882 kwenye bustani ya Kew, London, na zimepangwa kwa nchi. Alipochora mmea mmoja wa Borneo unaonasa wadudu, wataalamu waliiona picha hiyo London wakatambua kuwa hawajapata kuuandika popote. Mtu alitumwa kuutafuta, akaupata, ukapewa jina *Nepenthes northiana*. Picha ilitangulia, sayansi ikafuata. Mwaka 1883 alifika Shelisheli, karibu na kwetu, na jenasi ya mti mmoja wa visiwa hivyo inaitwa *Northia* kwa heshima yake.

Hapa Kenya jina kubwa ni Joy Adamson. Wengi wanamjua kwa simba Elsa, lakini kabla ya simba kulikuwa na maua. Alizaliwa 1910 katika mji wa Opava, ulio sasa Jamhuri ya Czech, akafika Kenya 1937. Mwaka uliofuata aliolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, na akiwa naye alianza kuchora maua ya mwituni. Mwaka 1947 shirika la kifalme la kilimo cha bustani la Uingereza lilimtunuku nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa michoro hiyo. Baadaye alichora pia watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa na mavazi yao ya kitamaduni. Sehemu kubwa ya kazi yake iko mikononi mwa Makavazi ya Taifa ya Kenya, Nairobi.

Soma picha kama unavyosoma barua

Ukikabidhiwa picha ya mmea, angalia mambo matano kwa mpangilio.

1. Majani yamekaaje kwenye tawi? Yanatazamana mawili mawili, au yanapishana moja huku na moja kule?
2. Ukingo wa jani ukoje? Ni laini au una meno kama msumeno?
3. Ua lina petali ngapi, na limekaa peke yake au kwenye kishada?
4. Tunda ni la nyama au ni kavu? Likiiva lina rangi gani?
5. Kipimo ni kipi? Picha nzuri huonyesha ukubwa halisi au mstari wa sentimita.

Turudi kwa saiprasi na mutarakwa. Jambo la nne linatatua ugomvi wote. Saiprasi huzaa koni ngumu kama mti, za mviringo, zenye upana wa kati ya sentimita 1 na 2, ambazo hupasuka na kuachilia mbegu. Tunda la mutarakwa ni dogo zaidi, lina nyama, na likiiva huwa la buluu iliyokolea kuelekea weusi, likiwa na utandu mweupe kama unga. Mchoro mmoja mdogo wa tunda kwenye kona ya karatasi ungemwokoa mnunuzi.

Chukua mfano wa pili, muiri, ambao kisayansi huitwa *Prunus africana*. Majani yake yanapishana, yanang'aa, ukingo una meno madogo, na kikonyo chake kina wekundu kidogo. Ukilifikicha jani lina harufu ya lozi chungu. Tunda ni jekundu la zambarau, pana kuliko urefu wake, kama vijitunda viwili vilivyoshikana. Gome la muiri hutumiwa kutengeneza dawa za tezi dume zinazouzwa Ulaya na kwingineko. Mti ukichunwa gome kuzunguka shina lote, hufa. Tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES. Jamii isiyoutambua muiri wake haiwezi kujua umeanza kuchunwa.

Mlima mzima kwenye ukurasa mmoja

Picha ya mandhari nayo ni somo. Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, umevaa mimea kwa mikanda. Chini ni mashamba yetu, kisha msitu. Upande mkavu wa Naro Moru na Nanyuki una mutarakwa na muthengera, na upande wenye mvua wa kusini na mashariki una muthaiti. Juu zaidi kuna mianzi, halafu mimondo yenye mashina yaliyopinda, halafu nyika ya baridi.

Huko juu ndiko kuliko mimea iliyowashangaza wageni waliofika na daftari zao. Mmoja ni *Lobelia telekii*, uliopewa jina la Teleki, msafiri kutoka Hungaria aliyepanda sehemu ya mlima huu mwaka 1887. Kishada chake kimefunikwa na nywele ndefu, kama mnyama aliyesimama wima. Hutoa maua mara moja tu maishani kisha hufa. Ndugu yake, lobelia wa Kenya, hupenda mahali penye majimaji. Majani yake hukaa kama bakuli lililojaa maji. Usiku maji hayo huganda juu, na tabaka hilo la barafu hukikinga kichipukizi kilicho ndani. Ukiichora mimea hii miwili bila kuonyesha mahali ilipoota, umeacha nusu ya habari.

Mandhari pia hubadilika. Barafu ya Lewis, iliyo karibu na kilele, imepungua sana tangu wapandaji wa 1899 walipoiona. Kinachochorwa leo kitakuwa ushahidi kesho.

Kinachokosekana mara nyingi: jina

Majina ya kisayansi tunayotumia hapa ni Teleki, North na wengine waliotoka mbali. Waliowaongoza njia na kuwaambia mti huu unaitwaje, huponya nini na hupandwa wapi, mara nyingi hawakuandikwa. Vipo vitabu vilivyojali. *Kenya Trees and Shrubs* cha Dale na Greenway, kilichotolewa 1961, kiliorodhesha majina ya miti kwa lugha nyingi za Kenya, zikiwemo za jamii za mlimani. Lakini kitabu hakiwezi kubeba yote ambayo cucu na guka wanayajua.

Majina mengine yamebaki kwenye ramani. Mukurweini maana yake ni penye mukurwe. Ni watoto wangapi wa huko wanaoweza kuuonyesha mukurwe ukiwa umesimama mbele yao? Jina likibaki na mti ukasahaulika, kilichobaki ni kibao cha barabarani tu.

Sheria inatupa njia. Sheria ya Kulinda Maarifa Asilia na Maonyesho ya Kitamaduni ya 2016 inazipa kaunti jukumu la kuweka sajili ya maarifa ya jamii zilizo katika maeneo yao. Ujuzi wa mmea na matumizi yake ni sehemu ya maarifa hayo, na jamii ndiyo mwenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kumpa mgeni maelezo ya dawa ya ukoo wenu, mjadiliane kwanza kama jamii.

Sasa chora

Hauhitaji kuwa msanii. Unahitaji penseli, kifutio, rula, karatasi nyeupe na subira. Rangi za maji ni ziada njema.

- Chagua mti mmoja ulio karibu na nyumbani au shuleni. Usikate mmea ndani ya msitu wa serikali au mbuga bila kibali. Kuchora hakuhitaji kukata.
- Pima jani, ua na tunda kwa rula kabla ya kuchora. Andika vipimo.
- Chora tawi zima kwanza kwa mistari myepesi, kisha sehemu moja moja kwa ukaribu.
- Chora ulichokiona, wala si unachodhani kinapaswa kuwepo. Jani likiwa na meno tisa upande mmoja, chora tisa.
- Jaribu rangi pembeni ya karatasi ukiwa na jani mkononi, kwa sababu jani lililonyauka hubadilika rangi.
- Andika tarehe, kijiji, wadi, na kama ni kando ya mto, mlimani au shambani.
- Andika jina la mti kwa Gikuyu, Kimeru, Kiembu au lugha yoyote ya nyumbani, pamoja na jina la mzee aliyekuambia, akikubali.
- Rudi msimu wa matunda, umalizie.

Mwalimu anaweza kulifanya somo hili kwa muhula mzima, kila mwanafunzi na mti wake. Vyama vya misitu vya jamii na vikundi vya akina mama wenye vitalu vya miche wanaweza kubandika mchoro juu ya kila kitalu, ili mnunuzi alinganishe jani na picha kabla ya kulipa. Jina la kisayansi likitatiza, Hebaria ya Afrika Mashariki iko Makavazi ya Taifa, Nairobi, ilikohamishiwa kutoka Amani, Tanganyika, mwaka 1950. Sampuli zake kavu zilisaidia kuandika orodha kuu ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, yenye spishi zaidi ya 12,000, iliyokamilika 2012.

Mvua za vuli zikikaribia na miche ikianza kugawiwa, anza na mti mmoja. Muulize mzee jina lake, lichore jani lake, pima tunda lake. Kisha panda ukijua unachopanda.