Somo la Ufundi: Metali Inayopuliziwa Juu ya Metali

Kinu cha kusaga mahindi kikianza kutetemeka na kupiga kelele, mwenyewe hununua beringi mpya. Wiki mbili baadaye kelele imerudi. Katika kituo kama Kedowa, kinu kikisimama hata siku mbili tu, watu hulazimika kumlipa mtu wa bodaboda awapelekee debe la mahindi hadi Londiani au Chepseon, na mwenye kinu hupoteza wateja ambao huenda wasirudi.

Mara nyingi kosa si la beringi. Ni la shafti. Pale beringi inapokaa, chuma kimelika kidogo kidogo, na pete ya ndani ya beringi sasa inateleza juu ya shafti badala ya kuzunguka pamoja nayo. Nusu milimita tu inatosha kuharibu kila beringi mpya utakayonunua. Shafti yenyewe ni nzima kwa zaidi ya asilimia 95. Kilichopotea ni ngozi yake.

Somo la toleo hili linahusu ngozi hiyo: jinsi inavyorudishwa, jinsi inavyokingwa na kutu, na mambo ya kumuuliza fundi kabla hujatoa pesa. Linamhusu mwenye kinu, mwenye pampu ya maji, kikundi cha ushirika chenye tangi la chuma, na pia mkulima wa chai mwenye hisa katika kiwanda, kwa sababu gharama ya matengenezo ya mashine hutolewa kwanza kabla bonasi haijahesabiwa.

Njia za mkato zinajulikana. Fundi mmoja atakata kipande cha bati la kopo akifunge kwenye shafti ili beringi ibane. Mwingine atapigapiga shafti kwa patasi yenye ncha, matuta yatokee. Zote mbili hushika kwa siku chache, kwa sababu beringi inakalia ncha ndogo ndogo badala ya duara kamili. Wa tatu atajaza kwa kuchomelea kisha apeleke kwenye mashine ya kukereza. Hii ni afadhali, lakini ina hatari yake. Moto wa kuchomelea hupinda shafti na unaweza kufanya sehemu iliyo karibu na mshono iwe ngumu na rahisi kupasuka, hasa kama chuma chenyewe ni cha aina ngumu na hakikupashwa joto kwanza. Shafti ya kinu huzunguka zaidi ya mara elfu mbili kwa dakika. Ikikatika, haianguki chini taratibu.

Njia ya nne ni kupulizia metali. Aliyeianzisha mwanzoni mwa karne ya 20 ni mhandisi wa Uswisi, Max Schoop, aliyekuwa akifanya kazi Zürich. Wazo lake ni rahisi kueleza kwa mtu aliyewahi kuona gari likipuliziwa rangi. Badala ya rangi, waya au unga wa metali huingizwa kwenye bunduki maalumu. Moto wa gesi au cheche ya umeme huuyeyusha, na hewa yenye nguvu kutoka kwa kompresa huyarusha matone hayo madogo hadi yagonge chuma. Kila tone linapogonga hulala bapa kama tope lililorushwa ukutani, hupoa papo hapo, na jingine hulala juu yake. Baada ya kupita mara nyingi, tabaka linajengeka.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba shafti yenyewe haipati joto kali. Matone yanaweza kuwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,500 kama ni chuma, lakini kazi ikisimamiwa vizuri shafti hubaki chini ya nyuzi 150 hivi. Haipindi, wala tabia ya chuma chake haibadiliki. Hiyo ndiyo faida kubwa kuliko kuchomelea.

Udhaifu wake unatoka mahali hapo hapo. Kwa kuwa chuma cha chini hakiyeyuki, tabaka halichanganyiki nacho. Linashika kwa kung'ang'ania mikwaruzo, kama plasta inavyoshika ukuta wa mawe na kukataa ukuta uliosiliba laini. Uso ukiwa na kutu, grisi au jasho la mkono, tabaka litabanduka kama ganda la yai. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla bunduki haijawashwa. Mafuta huondolewa kwa dawa, si kwa kitambaa cha mfukoni. Kisha uso hurushiwa chembe ngumu zenye kona, kwa hewa ya kompresa, hadi uwe wa kijivu kote na mkavuto wa kukwaruza kidole. Msasa na brashi ya waya havitoshi. Brashi ya waya ndiyo mbaya zaidi, maana hung'arisha chuma kikaonekana safi huku ikikiacha laini.

Baada ya hapo saa inahesabiwa. Uso uliosafishwa hivyo huanza kushika kutu ambayo jicho halioni, na kanuni ya kawaida ya kazi hii ni kupulizia ndani ya saa nne, mapema zaidi hewa ikiwa na unyevu. Chuma pia kinatakiwa kiwe na joto lisilopungua nyuzi tatu juu ya kiwango ambacho umande huanza kukaa. Kwetu huku, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako ukungu wa asubuhi huweza kukaa hadi saa nne na mvua ya alasiri haina msimu wa kuaminika, kanuni hiyo si ya vitabuni. Fundi anayesafisha shafti leo jioni na kupulizia kesho asubuhi amekuuzia kazi ambayo haitadumu, hata kama bunduki yake ni ya bei ghali.

Kwa shafti ya kinu au pampu, sehemu iliyolika hukerezwa kwanza iwe duara, tabaka jembamba la nikeli na alumini hupuliziwa ili lishike vizuri, kisha chuma kigumu hujazwa juu hadi kipite kipimo. Mwisho hukerezwa au kusagwa hadi kipimo cha beringi, na kipimo hicho husomwa kwa mikromita, si kwa rula.

Si kila kitu kinafaa. Kupulizia hakuongezi nguvu ya shafti hata kidogo. Shafti iliyopasuka, iliyopinda au iliyokonda kupita kiasi ni ya kubadilishwa. Nyundo za kinu, ncha ya jembe la trekta na meno ya gia hugongwa, na tabaka la kupuliziwa halipendi kugongwa. Hizo hujazwa kwa vijiti vya kuchomelea vya chuma kigumu, kazi ambayo mafundi wetu wa jua kali wengi wanaiweza tayari. Nyuzi za bolti pia usipeleke.

Kazi ya pili ya teknolojia hii ni kuzuia kutu, na hapo metali inayopuliziwa hubadilika. Kwa kulika hutumika metali ngumu. Kwa kutu hutumika laini: zinki, alumini, au mchanganyiko wa hizo mbili. Zinki huyeyuka kwa nyuzi 419 tu, na ina tabia ya kujitoa mhanga. Pakipatikana mkwaruzo, zinki iliyo kando huliwa kwanza na chuma hubaki. Rangi haifanyi hivyo. Rangi ikikwaruzwa, kutu huingia na kutambaa chini yake bila kuonekana, hadi siku unapobonyeza kwa kidole kikapita.

Tabaka la zinki kwenye kazi za nje huwa la mikroni 100 hadi 200, yaani unene wa nywele mbili tatu za kichwani. Lina vitundu vidogo sana, hivyo hupakwa dawa nyepesi ya kuyaziba. Linadumu kiasi gani? Mwaka 1953 chama cha wachomeleaji cha Marekani, American Welding Society, kilianza kuweka vipande vya chuma vilivyopuliziwa zinki na alumini ufukweni, ndani ya maji ya bahari na kwenye miji ya viwanda. Ripoti ya miaka 19 ilitolewa mwaka 1974. Vipande vya alumini vilivyozibwa, vyenye tabaka la mikroni 80 hadi 150, vilikuwa bado vimekinga chuma kikamilifu, hata ndani ya chumvi.

Sisi hatuna chumvi ya bahari, lakini tuna maji. Wakazi wa Kedowa wanaishi kando ya somo lenyewe: reli ya kwenda Kisumu, iliyofika ziwani Desemba 1901. Kwenye mteremko wa Mau reli hiyo ilihitaji madaraja marefu ya chuma, na 27 kati yake yaliundwa na American Bridge Company, yakaletwa kwa meli vipande vipande na kuunganishwa kwenye mabonde yetu. Kupulizia metali hakukuwepo wakati huo. Daraja la namna hiyo huishi kwa brashi na rangi, na halimalizi kupakwa maisha yake yote. Hesabu ya gharama iko hapo: rangi ni rahisi siku ya kwanza, zinki ni rahisi mwaka wa ishirini.

Katika viwanda vya chai tatizo lina sura nyingine. Maji ya jani bichi hayapatani na chuma cha kawaida. Hukila, na chuma nacho hulitia chai weusi usiotakiwa, ndiyo maana sehemu zinazogusa jani hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu. Meno ya rola zinazokata na kukunja jani hunolewa upya yakiwa butu, hayapuliziwi. Lakini mashingo ya rola yanapokaa kwenye beringi, shafti za feni za kukaushia, na mikono ya pampu za bwela ni kazi inayofaa kabisa. Mwenye hisa anayehudhuria mkutano wa mwaka ana haki ya kuuliza shafti ngapi zilinunuliwa mpya, na kama kuna iliyoweza kurudishwa.

Na mito yetu ina mchanga. Udongo wa mashamba ukishuka na mvua hadi Kipchorian, pampu inayovuta maji hayo inasagwa kutoka ndani kama kwa msasa. Kwingineko duniani jambo hili ni kubwa. Kituo cha umeme cha Nathpa Jhakri nchini India, cha megawati 1,500 kwenye mto Sutlej, kimelazimika kupulizia mapanga ya mitambo yake tabaka gumu la tungsteni kabaidi kwa sababu ya mchanga wa milima ya Himalaya. Kwa pampu ya kikundi cha maji, shimo la kutuliza mchanga kabla ya bomba la kuvutia ni la bei nafuu kuliko tabaka lolote.

Kwa geti, dirisha au miguu ya tangi nyumbani, huhitaji kupulizia metali. Ondoa kutu yote, paka rangi ya msingi yenye zinki nyingi siku hiyo hiyo, kisha rangi ya juu. Na ukiezeka, mwambie fundi akate mabati kwa mkasi. Grinda huunguza zinki ukingoni na kutawanya vumbi la moto ambalo hujibandika juu ya bati na kuanza madoa ya kutu kabla ya mwaka kwisha.

Sasa afya, na hapa hatutapunguza maneno. Kwanza ni mchanga. Wapo wanaosafisha chuma kwa kurusha mchanga wa mto kwa kompresa. Vumbi lake lina silika, ambayo hukwama kwenye mapafu na kuyafanya kovu. Ugonjwa huo hauna tiba, na humfungulia mlango kifua kikuu. Uingereza ilipiga marufuku mchanga katika usafishaji wa namna hiyo viwandani kwa kanuni za mwaka 1949. Tumia chembe za chuma, ganeti au alumini oksidi, na kofia inayoletewa hewa safi. Kitambaa puani si kinga. Anayesimama kando anavuta vumbi lile lile, na watoto wanaotazama pia.

Pili ni moshi wa zinki, uwe wa kupulizia au wa kuchomelea bomba la zinki. Saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, fundi hupata baridi, homa, kiu na maumivu ya mwili, akadhani ni malaria. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili, lakini kifua kikibana nenda hospitali na useme ulikuwa ukifanya kazi gani. Maziwa wanayokunywa wachomeleaji kabla ya kazi ni chakula kizuri, lakini hayazuii moshi kuingia kwenye mapafu. Kinachosaidia ni hewa inayopita na barakoa inayofaa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na tangi la kompresa likaguliwe na mtu aliyeidhinishwa.

Huduma ya kupulizia haipatikani katika kila kituo cha biashara. Hufanywa na karakana kubwa za uhandisi mijini. Kabla hujasafirisha shafti yako, piga simu uulize: mtasafisha kwa nini, na baada ya muda gani mtapulizia? Metali gani itatumika? Tabaka litakuwa nene kiasi gani, na mtapima kwa kifaa gani? Taka kipimo cha mwisho kiandikwe kwenye risiti. Chukua beringi yako uende nayo, ijaribiwe hapo hapo kabla hujalipa salio.